Usomekaji wa programu upimwe kabla ya kulipa awamu ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Taasisi inaponunua mfumo wa kompyuta, iwe SACCOS, shule, zahanati au duka la jumla, mkataba hueleza kwa kirefu mfumo utafanya nini: utoe risiti, utume ujumbe kwa simu, utengeneze ripoti ya mwezi. Jambo ambalo mara nyingi halimo ni kama mtu mwingine, asiye yule aliyeuandika, ataweza kuufungua msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu, kuuelewa na kuubadilisha. Mtengenezaji akihama au akiacha kupokea simu, taasisi hubaki na kitu kinachofanya kazi leo lakini hakigusiki kesho.

Sisi tunaoandika barua hii kazi yetu ni kutunza programu zilizoandikwa na wengine. Tunaomba nafasi tuseme jambo moja: usomekaji wa msimbo si suala la ladha ya mwandishi, ni kitu kinachopimika, na mnunuzi ana haki ya kukipima kabla hajamaliza kulipa.

Tuanze na mfano wa Kenya ambao kila mwenye duka huko anaukumbuka. Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nafuu za kipindi cha korona, mojawapo ikiwa kushusha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14. Kiwango kipya kilianza Aprili 1, wiki moja tu baadaye. Januari 1, 2021 kikarudi 16. Kwa mhasibu ni badiliko la tarakimu moja. Kwa anayetunza programu, ugumu wake ulitegemea kabisa namna msimbo ulivyoandikwa.

Chukua programu ya mauzo ambayo ndani yake kuna mstari huu: `t = b * 1.16`, yaani jumla ni bei mara 1.16. Mstari huo umeandikwa kwenye ukurasa wa kuuza, ukanakiliwa kwenye risiti, kwenye ripoti ya mwezi, kwenye marejesho ya bidhaa na kwenye ankara za wateja wa mkopo. Mtunzaji atatafuta 1.16 katika mafaili yote na kuibadilisha. Ataona amemaliza, kumbe bado. Mahali pengine mwandishi aliandika 0.16, pengine 16/100. Penye bei ambayo tayari ina kodi ndani yake, na kodi inatakiwa ichambuliwe, aligawanya mwenyewe kwa kikokotozi na kuandika 0.1379, yaani 16 gawanya kwa 116. Hakuna utafutaji wa "16" utakaoiona hiyo. Kwa upande wa pili, 16 nyingine atakazozikuta si kodi kabisa: ni ukubwa wa maandishi kwenye risiti au idadi ya herufi kwenye safu ya jina la bidhaa. Akibadilisha zote kwa mkupuo, risiti inaharibika.

Hata akizipata zote, kosa kubwa zaidi liko mbele. Bidhaa ya shilingi 10,000 iliyouzwa Machi ilitozwa VAT ya 1,600. Mteja akiirudisha Aprili, hati ya kumrudishia lazima iwe na 1,600 ileile. Programu iliyobadilishwa namba tu itamrudishia 1,400, na shilingi 200 zitaning'inia kwenye hesabu. Ankara ya Februari ikichapishwa upya nayo itatoka na kiwango kisichokuwepo siku ile.

Dawa yake ni ndogo. Viwango vinakaa kwenye jedwali moja la hifadhidata lenye safu mbili, kiwango na tarehe ya kuanza kutumika, na kwa mfano huu jedwali lina mistari mitatu tu: 16 ya awali, 14 kuanzia 2020-04-01, na 16 kuanzia 2021-01-01. Panakuwa na fanksheni moja, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake, inayopewa bei na tarehe ya ankara kisha inarudisha kodi. Kila ukurasa unaiita hiyo: `jumla = bei_bila_kodi + vat(bei_bila_kodi, tarehe_ya_ankara)`. Mstari huu ni mrefu kuliko ule wa kwanza, lakini mhasibu asiyejua kuprogramu anaweza kuusoma na kusema kama ni sahihi. Zaidi ya hayo, unamlazimisha mwandishi kujibu swali ambalo ule mfupi ulilificha: kodi ya siku gani?

Hapa Tanzania Bara nako VAT ilishuka kutoka 20 hadi 18 mwaka 2009, kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani namba ya leo ni ya milele. Orodha ya mikoa ni vivyo hivyo. Mwaka 2012 ilizaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na 2016 ikaja Songwe. Mfumo wenye orodha ya mikoa iliyochapwa kwa mkono kwenye kurasa tano utakuwa na Songwe kwenye kurasa nne.

Majina ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, na tunadhani ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Chukua fanksheni inayoitwa `riba` katika mfumo wa mikopo. Riba ipi? Mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 18 kwa mwaka, ukikokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo unazaa riba ya 216,000. Ukikokotolewa kwenye salio linalopungua, mwanachama akirejesha 100,000 ya mkopo kila mwezi, riba ni asilimia 1.5 ya salio la kila mwezi, na jumla yake kwa mwaka ni 117,000. Tofauti ni shilingi 99,000 kutoka mfukoni mwa mtu mmoja. Anayekuta neno `riba` peke yake atalazimika kusoma hesabu yote ndani ili ajue ni ipi, au atabahatisha. `riba_ya_salio_linalopungua` haimwachi abahatishe.

Vivyo hivyo kwa hisa, akiba na amana. Kwa mwanachama wa SACCOS hivi ni vitu vitatu vyenye masharti tofauti ya kutoa fedha. Mwandishi wa programu asiyekaa na mhasibu huviweka vyote kwenye safu moja yenye jina moja na kuvitofautisha kwa namba 1, 2 na 3. Miaka miwili baadaye hakuna anayekumbuka 2 ni nini. Majina ya mambo ya kazi yafuate maneno ya wenye kazi, na lugha iwe moja. Mfumo wenye jedwali `wateja`, jingine `customers` na la tatu `tbl_mteja` humfanya mtunzaji asijue lipi ndilo linalotumika, na tunasema kwa uhakika kwamba atasahau mojawapo. Kiswahili au Kiingereza, lolote. Ila liamuliwe siku ya kwanza na kuandikwa mahali.

Kuhusu maelezo yanayoandikwa pembeni ya msimbo, vyuoni wanafunzi huambiwa waandike mengi. Sisi tunapendekeza yawe machache na yaseme sababu. Maelezo yanayosema "ongeza moja" juu ya mstari unaoongeza moja hayana kazi, na siku mstari ukibadilishwa yanageuka uongo. Yanayotakiwa ni yale ambayo msimbo wenyewe hauwezi kuyasema. Mfano mzuri ni namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20 na inapaswa kuhifadhiwa kama maandishi. Mtunzaji mpya ataona tarakimu tupu na kudhani ni uzembe, ataigeuza iwe namba. Namba kamili ya biti 64, aina ambayo kompyuta nyingi hutumia kwa namba kubwa, huishia 9,223,372,036,854,775,807, ambayo ni tarakimu 19, kwa hiyo ya NIDA haiingii. Lugha ya kuprogramu ya JavaScript kwa namba zake za kawaida haina uhakika ikivuka 9,007,199,254,740,991. Tarakimu za mwisho zitabadilika bila onyo lolote, na mtu atabaki na kitambulisho cha mtu mwingine. Mstari mmoja wa maelezo, "NIDA ni maandishi: tarakimu 20 hazitoshi kwenye namba ya biti 64", unazuia msiba huo. Namba za simu nazo ni maandishi, maana sifuri ya mwanzo hupotea.

Namba nyingine inayostahili jina ni 3. Seva nyingi hutunza saa kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Malipo yaliyofanyika saa saba usiku kuamkia Januari 1 yataandikwa kwenye seva kuwa ni ya Desemba 31, saa 22:00. Mwandishi anayeliona hilo huongeza 3 kwenye ripoti. Mwingine, asiyejua, huongeza 3 kwenye fanksheni inayolisha ripoti ileile. Sasa malipo ya saa tatu na nusu usiku yanahamia siku inayofuata, na hesabu za kufunga siku hazilingani kamwe. Safu ikiitwa `muda_utc`, na ugeuzaji ukafanyika mahali pamoja tu, yaani wakati wa kumwonyesha mtu kwenye skrini, hakuna wa kuongeza mara mbili.

Urefu na kina cha fanksheni tutaupitia haraka kwa kuwa waandishi wengi wanaujua ingawa hawaufuati. Fanksheni iingie kwenye skrini moja, mistari 30 hadi 40. Masharti yaliyotumbukizwa ndani ya masharti yasizidi ngazi tatu. Mwongozo wa waandishi wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, nao unaonya kuhusu kuvuka hapo. Njia rahisi ya kupunguza kina ni kuanza na visivyofaa: kama mwanachama hayupo, toka, kama mkopo umefungwa, toka, kinachobaki chini ni kazi yenyewe, imenyooka. Mpangilio wa nafasi na mabano usigombaniwe na binadamu kabisa. Kila lugha ya kuprogramu ina chombo cha kuupanga: Go ina `gofmt`, Python ina Black, JavaScript ina Prettier, nayo PHP, ambayo imebeba mifumo mingi ya hapa kwetu, ina PHP CS Fixer. Viwekwe vijiendeshe kila msimbo unapohifadhiwa.

Msimbo uliokufa ufutwe. Tunasisitiza hili kwa sababu watu huuacha kwa woga, wakisema huenda ukahitajika. Mwishoni mwa Julai 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa kwa kompyuta, ilipandisha msimbo mpya kwenye seva zake nane, lakini moja ikarukwa. Msimbo mpya ulitumia alama ya kuwashia ambayo zamani iliwasha sehemu nyingine, sehemu iliyoachwa kutumika tangu 2003 bila kufutwa. Agosti 1, kwenye seva ile ya nane, alama ikaamsha msimbo wa zamani, ukaanza kutuma maagizo ya kununua na kuuza mfululizo. Kwa dakika kama 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440, na haikudumu peke yake baada ya hapo. Makosa yaliyokutana siku ile ni mawili: msimbo mfu ulioachwa, na alama ya zamani iliyopewa maana mpya. Lolote kati ya hayo lingeepukwa, seva moja kurukwa kungekuwa hitilafu ya kawaida.

Woga wa kufuta unatibiwa na Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 na kinachopatikana bure. Kilichofutwa kinabaki kwenye historia na kinarudishwa kwa amri moja. Taasisi inayopokea mfumo wake kwenye faili lililoitwa `mfumo_mpya_final2.zip` haijapokea historia, na historia ni nusu ya maelezo. Kila badiliko linapohifadhiwa liambatane na sentensi inayosema sababu: "VAT isomwe kwa tarehe ya ankara, siyo ya leo." Neno "marekebisho" peke yake halimsaidii mtu.

Sasa, walio na mfumo mbovu tayari wafanyeje? Ushauri wanaopewa mara kwa mara ni kuutupa na kuandika upya. Hatukubaliani nao isipokuwa mfumo uwe mdogo sana. Msimbo wa miaka minane, hata ukiwa mchafu, umebeba sheria ambazo hazikuandikwa popote: kwamba makato ya walimu hufika kwa utaratibu fulani, kwamba wanachama waliojiunga kabla ya mwaka fulani wana kiwango chao cha hisa. Anayeandika upya huzigundua moja moja kupitia malalamiko ya wanachama.

Njia salama huenda polepole. Kwanza mfumo unaingizwa Git kama ulivyo, bila kugusa kitu, pamoja na nakala ya hifadhidata iliyojaribiwa kurejeshwa kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa isihesabiwe kuwa ni nakala. Kisha yanaandikwa majaribio ya kujiendesha yanayoshika tabia ya sasa ya mfumo. Hapa mhasibu ana kazi kubwa kuliko mwandishi wa programu: achague mikopo ishirini halisi ya aina mbalimbali, akokotoe kwa Excel, na majibu yake yawe ndiyo majaribio. Ule mkopo wa 1,200,000 lazima utoe 117,000, si 116,999.97. Senti zikikosekana hivyo, sababu huwa fedha kuhifadhiwa kwenye namba za desimali za kompyuta, ambazo kwa hizo 0.1 jumlisha 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Fedha ihifadhiwe kwa senti nzima, au kwa aina ya desimali kamili ambayo hifadhidata karibu zote zinayo.

Majaribio yakishapita, ndipo majina yanabadilishwa, moja baada ya jingine, na majaribio yanaendeshwa kila mara. Baadaye ndipo msimbo ulionakiliwa sehemu nyingi unaunganishwa, na mwisho kabisa uliokufa unafutwa. Kinachoharibu kazi hii ni kuchanganya: mtu anasafisha majina na papo hapo anarekebisha hesabu ya riba, halafu jaribio likishindwa hajui ni lipi kati ya hayo lililosababisha. Kusafisha kuwe kwake na kurekebisha kuwe kwake, kila kimoja na hifadhi yake kwenye Git. Na wasianzie popote tu. Historia ya Git au kumbukumbu za malalamiko zitaonyesha mafaili machache yanayoguswa kila mwezi; hayo ndiyo ya kusafisha. Faili ambalo halijaguswa kwa miaka mitano na linafanya kazi liachwe kama lilivyo.

Tunarudi kwa mnunuzi, maana yeye ndiye mwenye fedha na kwa hiyo ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha mazoea haya. Tunapendekeza mkataba ugawe malipo, na awamu ya mwisho, tuseme asilimia 20, isilipwe mpaka mfumo upite jaribio la mgeni. Atafutwe mwandishi wa programu asiyehusika na mtengenezaji, alipwe siku moja. Apewe kompyuta safi, ghala la msimbo lenye historia yake yote, na faili la maelezo ya kuanzia, lile ambalo kwa desturi huitwa README. Hadi saa sita mchana awe ameuwasha mfumo bila kumpigia simu mtengenezaji. Akishindwa, kilichomkwamisha kiandikwe kwenye README, kazi irudi kwa mtengenezaji. Vikwazo vya kawaida ni toleo la PHP au Python lisilotajwa, maktaba za programu zisizo na namba za matoleo, na jedwali la hifadhidata lililoongezwa kwa mkono kwenye seva ya ofisini bila kuwemo kwenye msimbo.

Mchana apewe kazi moja ndogo, ambayo mtengenezaji hakuambiwa kabla: badilisha kiwango cha kodi au cha riba kuanzia tarehe fulani ijayo, bila kuathiri miamala ya nyuma. Yahesabiwe mafaili aliyolazimika kuyagusa. Yakiwa moja au mawili, mfumo umeandikwa vizuri. Yakizidi matano, kanuni moja imetawanywa, na kasoro hiyo itairudia taasisi kila bunge la bajeti likikaa. Mwisho atafute nywila ndani ya msimbo. Nywila ya hifadhidata au ya huduma ya malipo ikikutwa imeandikwa humo, haitoshi kuifuta, kwa kuwa imo kwenye historia ya Git. Inapaswa kubadilishwa kabisa na mpya ikae kwenye faili la mipangilio lisiloingia ghalani.

Jaribio hili linamgharimu mnunuzi malipo ya mtu mmoja kwa siku moja. Tungependa kuona bodi za SACCOS, kamati za shule na idara za ununuzi zikiliweka kwenye hati za zabuni kwa maneno haya haya ya kawaida, na kumjulisha mzabuni tangu mwanzo kwamba atapimwa hivyo. Mwandishi anayejua kuwa mgeni atakuja kuusoma msimbo wake huandika majina marefu, huweka kodi mahali pamoja, na huandika README wiki ya kwanza badala ya usiku wa kukabidhi.

Ni sisi watunzaji wa programu,
Dar es Salaam